Kwenda Himalaya peke yako na kulala kwa wenyeji: jibu kwa dada wa Mwanza

Marahaba dada yangu. Swali lako ni refu kwa hiyo nalifupisha ili na wengine wajue najibu nini. Unakaa Mwanza, mwaka jana umepanda Kili kwa njia ya Marangu ukafika Uhuru bila shida, sa hivi una likizo ya wiki tatu na hela kidogo umeweka, unataka kwenda Nepal utembee mwenyewe kijiji kwa kijiji, bila kundi wala mwongozaji, ulale kwenye nyumba za watu na sio hoteli za watalii. Alafu unauliza mwanamke mweusi, Muislamu, anayevaa mtandio, huko atapokelewaje, atakula nini, itamgharimu kiasi gani na abebe zawadi gani.

Naanza na ile ambayo hutaipenda. Kwenda peke yako inawezekana kabisa, ila kutembea peke yako mi sikushauri, na kwa sehemu kubwa hata utaratibu wao haukuruhusu. Nepal walitangaza kwamba kuanzia tarehe 1 Aprili 2023 mgeni anayetembea kwenye njia za hifadhi awe na mwongozaji mwenye leseni, na ile kadi ya TIMS, yaani kadi ya kuandikisha watembeaji, ambayo zamani ulikuwa unaikata mwenyewe pale mji mkuu, Kathmandu, sa hivi inapitia kampuni iliyosajiliwa. Utekelezaji haufanani kila mahali, serikali ya mtaa ya kule Khumbu upande wa Everest haikuifuata na wana kibali chao wenyewe, kwa hiyo lazima utakutana na mtu anakwambia mbona mi nilipita bila mtu. Ni kweli kapita, muulize kapita wapi. Kule ninakotaka kukupeleka mimi, bonde la Langtang kaskazini ya Kathmandu, kuna geti la hifadhi Dhunche, kuna ukaguzi Syabrubesi, kijiji ambacho njia ya miguu inaanzia, na mbele huko Ghodatabela kuna kituo cha jeshi wanakagua makaratasi, sasa ya nini kusafiri toka Mwanza mpaka huko uje ucheze bahati nasibu getini.

Na tuweke sheria pembeni. Langtang hiyohiyo mwaka 2010 alipotea binti wa Kimarekani aliyekuwa anatembea mwenyewe, mpaka leo hajaonekana, na mwaka 2012 dada mwingine wa Kibelgiji aliuawa bonde hilohilo. Sisemi hivi kukutisha, watu wa kule ni wapole na maelfu wanapita kila msimu wanarudi salama, ila ule msitu wa chini kati ya Syabrubesi na Lama Hotel, hilo ni jina la kituo chenye loji kadhaa, ni mnene, mto unanguruma mpaka humsikii aliyeko nyuma yako, ukiteguka mguu hapo saa kumi jioni na hukuwa umemwambia mtu unalala wapi basi hakuna atakayejua kuna mtu wa kutafutwa.

Lakini hata hiyo kwangu sio sababu kubwa. Sababu kubwa ni kwamba wewe mwenyewe umesema unataka kukutana na watu, na bila mtu wa kule utakutana nao kwa macho tu. Vijana na wenye loji wanaongea Kiingereza, ndio, Kiingereza cha menyu na cha bei ya chumba. Bibi aliyekaa barazani anafuma hakijui, na wengine hata Kinepali kwao ni lugha ya kujifunza, lugha ya nyumbani ni Kitamang, lugha ya Watamang, kabila la kule. Ukipita mwenyewe atakupa namaste, utamjibu namaste, mtacheka, utapita zako. Ukipita na kijana ambaye mama yake anatoka kijiji cha jirani, huyo bibi anaanza kuuliza wa ukoo gani, umeolewa wapi, huyu mgeni ni nani, kwao wanalima nini, mnakaribishwa ndani chai, saa nzima imeisha. Hiyo ndo safari unayoitaka na haipatikani kwa kuwa jasiri.

Kwa hiyo cha kufanya, usijiunge na kundi. Tafuta mwongozaji mmoja, wewe na yeye basi. Na kuwa mbishi kwenye jambo moja: mwambie mwenye kampuni unataka mtu wa wilaya ya Rasuwa, ambako ndo Langtang iliko, ikiwezekana Mtamang, sio yeyote aliye na nafasi wiki hiyo. Watakwambia wote ni wazuri, ni wazuri kweli kwa kuonyesha njia, ila wa Kathmandu akifika kijiji kama Gatlang na yeye ni mgeni kama wewe. Ukitaka mwanamke pia wapo, wachache lakini wapo, na kuna kampuni ya madada watatu pale Pokhara iliyoanza miaka ya 1990 ambayo kazi yake kubwa ndo hiyo, kufundisha wanawake uongozaji milimani. Kama mwongozaji wako ni mwanaume muulize mapema mtalala vipi, jibu la kawaida ni kwamba yeye analala na waongozaji wenzake au kwenye chumba cha familia, ukisikia jibu lingine badilisha mtu. Ukishakuwa njiani mwambie tu, kaka leo nataka kutembea kimya, atakutangulia na kukusubiri kwenye kona, hawana shida na hilo kabisa.

Sasa njia. Everest Base Camp achana nayo kwa safari hii. Ni nzuri kwa kuangalia milima ila Oktoba kule ni kama stendi ya Magufuli wiki ya Krismasi, mwenye loji ana wageni arobaini ndani, atapata wapi muda wa kukaa na wewe. Mi ningekuwa wewe ningepanda basi pale Machhapokhari Kathmandu mpaka Syabrubesi, kilomita kama 120 tu lakini unashinda njiani siku nzima, barabara yenyewe utaiona. Alafu usikimbilie juu. Anza na ile njia inayoitwa Tamang Heritage, Gatlang, Thuman, Briddim, vijiji viko kwenye mita 2,200 mpaka 2,400 hivi, na siku moja unapitia Nagthali kwenye mita kama 3,160 kuangalia milima ya Tibet hapo ng'ambo. Nyumba za Gatlang zimebanana, mawe na mbao zilizochongwa madirishani. Katikati ya njia kuna Tatopani, zamani watu walikuwa wanakwenda kuoga maji moto yanayotoka ardhini, baada ya tetemeko la 2015 maji yakakata, kwa hiyo ukisoma kitabu cha zamani kinakuahidi kuoga usibebe taulo.

Baada ya hapo ndo unaingia bonde la Langtang, unapita Sherpagaon, unakwenda mpaka Kyanjin Gompa mita 3,870, basi, hapo ndo mwisho wa kijiji, mbele ni barafu. Kuna kiwanda kidogo cha jibini ya maziwa ya yaki kilichoanzishwa miaka ya 1950 kwa msaada wa Waswisi, nunua kipande. Ukiwa na nguvu kuna vilele viwili vya kupanda, Kyanjin Ri na Tserko Ri, hiki cha pili inakaribia mita 5,000, unaondoka alfajiri unarudi mchana, na mbele yako muda wote ni Langtang Lirung mita 7,227. Usipopanda pia hujakosa kitu, mi naona siku ya kukaa Kyanjin kuangalia watu wakitandaza mbolea ya yaki juani ikauke iwe kuni ina thamani yake, ila najua we umetoka mbali utapanda tu.

Hapa kwenye urefu naomba unisikilize maana umeshafika Uhuru, na sisi watu wa Kili tuna kiburi cha urefu. Marangu unalala Mandara 2,700, Horombo 3,720, Kibo 4,720, usiku uleule unapanda 5,895 na kesho yake uko chini unakunywa soda. Pale mwili haujazoea chochote, umeponea kwa sababu ulishuka haraka. Himalaya hushuki haraka, unalala kulekule juu usiku baada ya usiku, kwa hiyo ile "mi sikuumwa kichwa Kili" haikusaidii. Kanuni ya madaktari wa milima ni kwamba ukishapita mita 3,000 usipandishe mahali pa kulala zaidi ya mita 500 kwa usiku, na kila baada ya siku tatu au nne unapumzika bila kupanda. Ratiba nyingi za Langtang zinaivunja kanuni hii bila aibu, zinakutoa Lama Hotel ambayo ni kama mita 2,470 zinakulaza Langtang 3,430 siku hiyohiyo, karibu mita 1,000. Wengi wanapita salama na wengine wanatapika usiku kucha. Mwambie mwongozaji mkalale Thangsyap kwanza, mita kama 3,140, na Langtang kwenyewe mlale siku mbili, hizo siku mbili ndo utakazozikumbuka kuliko kilele. Kichwa kikiuma na chakula hakipiti, hupandi siku hiyo. Ukianza kuyumba kama mlevi, kuongea vitu visivyoeleweka au kukosa pumzi hata umekaa, unashushwa saa hiyohiyo hata kama ni usiku, hakuna kusubiri asubuhi. Diamox, ile dawa ya kuzuia ugonjwa wa urefu, ongea na daktari wako kabla, hasa kama una aleji na dawa za salfa.

Bima chukua yenye helikopta na isomeke wazi kwamba inakulinda mpaka mita 5,000 au zaidi, bima nyingi za kawaida zinaishia chini ya hapo. Na hapohapo nikuchane ukweli, mwaka 2018 ulifumuka mchezo wa baadhi ya kampuni za watalii, helikopta na hospitali za Kathmandu, walikuwa wanawapakia watu wenye maumivu madogo tu ya kichwa kwenye helikopta ili wailipishe bima. Kwa hiyo ukiwa na maumivu madogo na mtu anakuharakisha sana upande ndege badala ya kukushusha kwa miguu, muulize maswali na wapigie bima wenyewe.

Haya, watu. Kuna kitu kimoja kuhusu kulala "kwenye nyumba za watu na sio hoteli" nataka kukirekebisha. Kwenye njia hizi loji nyingi NI nyumba za watu. Mama mwenye loji anaishi hapo, watoto wanafanya homuweki kwenye meza unayolia chakula, bibi yuko jikoni. Chumba utalipa hela ndogo sana, rupia mia tatu nne mia tano, wakati mwingine bure, kwa makubaliano ambayo hayaandikwi popote: chakula cha usiku na cha asubuhi unakula hapohapo. Faida yao iko kwenye chakula. Ukichukua chumba cha bei ya bure alafu ukatoa biskuti zako za Kathmandu ukala kitandani umemtia mwenzio hasara, na habari itakutangulia kijiji kinachofuata. Kama unataka hasa mfumo wa kukaa na familia, Briddim wanao, na upande mwingine kabisa wa nchi kuna Sirubari, kijiji cha Wagurung wilaya ya Syangja kilichoanza mwaka 1997, pale mgeni hachagui nyumba, kamati inakupangia kwa zamu ili kila familia ipate.

Tofauti kati ya mgeni na mtalii kule inaanzia mahali ulipokaa. Ukikaa kwenye ukumbi wa kulia wenye jiko la chuma katikati na menyu ukutani, we ni mteja. Muombe mwongozaji aulize kama mnaweza kukaa jikoni. Kwa Watamang na Washerpa, ambao wengi ni Wabudha, mara nyingi jibu ni ndio, ila usiingie bila kuitwa, na kwenye nyumba za Wahindu wa matabaka ya juu huko mabondeni usijaribu kabisa, jiko kwao ni mahali pa usafi wa kidini, wengine hata mwanamke wao akiwa kwenye siku zake haliingii. Usiguse chakula cha pamoja kwa mkono ulioutia mdomoni, usimmegee mtu kitu ulichokwisha kuking'ata, chupa ya maji ya mwenzio unamimina kwa juu bila kugusa midomo. Takataka usitupe kwenye moto wa kupikia, hata tishu. Kaa pale utakapoonyeshwa, nafasi karibu na moto ina mwenyewe.

Nikupe picha ya jikoni kwa Watamang. Mahindi yananing'inia juu ya moto yamekuwa meusi kwa moshi, ukutani sahani na masufuria ya shaba yamepangwa yanang'aa kama siku ya maulidi, mama amechuchumaa mbele ya sufuria, maji yamechemka, anamwaga unga wa ulezi kidogokidogo mkono mmoja na mwingine unasonga. Ndio, anasonga. Wanaita dhido, inaliwa kwa mkono wa kulia na mboga chachu iliyokaushwa inayoitwa gundruk au mchuzi wa majani yanayowasha kama upupu. Mi nilipoomba mwiko nikasonga, nikaukandamiza pembeni ya sufuria kama tunavyofanya nyumbani, yule mama alicheka mpaka akaweka mkono mdomoni alafu akamwita jirani kwa kupiga kelele dirishani, jirani akaja na wenzie, ikabidi nisonge sufuria ya pili ili waone vizuri. Maswali yaliyofuata yalikuwa ya maana kuliko yote niliyowahi kuulizwa na mtu huko: ulezi wenu mnavuna mwezi gani, nani anasaga, binti akiolewa shamba linakwenda kwa nani. Kwa hiyo usiende kama mtu wa kushangaa tu, we una mambo mengi ya kuwapa hadithi kuliko mtu wa Ulaya, unajua kuchota maji, unajua kuku, unajua mvua ikichelewa inakuwaje.

Watakuuliza umri, umeolewa, watoto wangapi, mshahara shilingi ngapi, kwanini mumeo kakuachia. Usichukie, hata kwetu mgeni anaulizwa hivyohivyo. Watu unawaita kwa undugu, mwanamke aliyekuzidi didi, kaka dai, mtu mzima kabisa aama au baa. Kwenye ukuta wa mawe yenye maandishi ya sala au kwenye stupa, mnara wa ibada wa Wabudha, unapita ukiiacha mkono wako wa kulia. Miguu usiielekeze kwa mtu, kwa moto wala kwa madhabahu, na hii ya madhabahu izingatie kwa sababu mgeni wa heshima mara nyingi analazwa chumba chenye madhabahu ya nyumba, angalia unalalia upande gani. Picha omba, na ukikataliwa weka simu mfukoni kweli, usijifanye unaangalia saa.

Rangi. Utaangaliwa, hilo lipo. Watoto watataka kugusa mkono waone kama inatoka, wasichana watauliza nywele kama umefunga mtandio huku wakichungulia, mjini Kathmandu kuna watakaopiga picha na wewe bila kukuuliza. Nepal ni nchi ambayo matangazo ya krimu za kujichubua yako kila duka, kwa hiyo mtu anaweza kukuambia kwa huruma kabisa kwamba jua la kwenu ni kali, ujue anamaanisha nini. Uadui mimi sijauona vijijini. Na kuna kitu wengi hawakijui: karibu kila familia huko ina kijana aliyekwenda Qatar, Dubai, Saudia au Malaysia. Ndege utakayopanda kutoka Doha au Dubai kwenda Kathmandu imejaa wao, wamebeba blanketi na televisheni. Huko Ghuba wamefanya kazi ya ulinzi na ujenzi na Wakenya, Waganda, Watanzania, wamelala kambi moja. Nimeshaitwa "rafiki" kwenye kijiji ambacho gari haifiki, na mtu aliyeniambia hivyo alianza kunielezea jinsi alivyokuwa anagawana laini ya simu na Mkenya. Ongea na hao waliorudi, wana hadithi.

Kwa dini yako hutapata shida unayoiogopa. Chakula cha kila siku ni dal bhat, wali, mchuzi wa dengu, mboga, achari, na mwenye nyumba anakuongezea mpaka useme basi, nyama haimo kama hukuiomba. Mi juu huko hata asiye Muislamu namwambia aache nyama, inabebwa mgongoni siku nzima bila friji. Ng'ombe Nepal hachinjwi kisheria. Pombe watakukaribisha, chang, raksi, tongba ya ulezi, kwao kumkaribisha mgeni bila kummiminia kinywaji ni aibu, kwa hiyo mwongozaji aseme mapema mlangoni kwamba dada hanywi kwa ajili ya dini, wakupe chai ya siagi na chumvi. Hiyo chai ya kwanza utaona kama supu imekosewa, piga taratibu, maana ukimaliza kikombe wanajaza, ukishiba kiache kikiwa kimejaa ukinywe wakati wa kuondoka. Kusali, waambie tu unahitaji kona tulivu, ni watu wa dini wanaelewa. Na ukiwa Kathmandu, pale Ghantaghar karibu na Ratna Park kuna misikiti miwili ya zamani na vyakula vya halali jirani yake.

Jambo moja zito. Tarehe 25 Aprili 2015, karibu na saa sita mchana, tetemeko la 7.8 liliangusha barafu na mawe kutoka milima ya juu likafunika kijiji chote cha Langtang, watu zaidi ya 200 wakafa, wenyeji na wageni, na upepo wake peke yake ulilaza miti upande wa pili wa bonde. Nyumba moja tu ilibaki imesimama kwa sababu ilikuwa chini ya mwamba. Kijiji cha sasa kimejengwa pembeni, na njia yako inapita juu ya kifusi, yaani unatembea juu ya nyumba zao na ndugu zao walioko chini. Kuna ukuta wa kumbukumbu wenye majina. Hapo usipige selfi, usirushe droni, na usimuulize mwenye loji "we ulipoteza nani" ukiwa unasubiri chai. Wakitaka wataongea wenyewe, na mara nyingi wanaongea siku ya pili, ndo maana nimekwambia ulale mbili.

Hela. Viza unapata uwanja wa ndege Kathmandu, dola 30 kwa siku 15, dola 50 kwa siku 30, chukua ya 30. Kadi ya homa ya manjano beba maana tunatoka ukanda unaoulizwa. Kiingilio cha hifadhi ya Langtang ni rupia 3,000 na TIMS 2,000, jumla rupia 5,000. Mwongozaji dola 25 mpaka 35 kwa siku, mpagazi ukimtaka pungufu kidogo, na wewe wa Kili unajua wagumu, wapagazi wetu, wanabeba nini, mzigo wako usizidi kilo 10 hata kama unamlipa mtu. Kula na kulala weka dola 25 kwa siku, bei inapanda kadiri unavyopanda kwa sababu gesi na mchele vimepanda kwa mgongo wa nyumbu, usibishane bei ya chai Kyanjin, ni aibu. Siku 12 za njia utatumia kama dola 800 hadi 900 pamoja na bahshishi, tiketi ya ndege mbali. Kesh toa yote Kathmandu, ukishaondoka Syabrubesi hakuna ATM. Laini ya simu nunua ya NTC. Nenda Oktoba mwishoni mpaka Novemba, au Aprili maua yale mekundu ya rhododendroni yakiwa yamejaa msituni, Juni mpaka Septemba ni mvua, ruba na maporomoko.

Zawadi mwisho. Usigawe pipi wala kalamu kwa watoto njiani, tayari kuna sehemu mtoto akikuona anasema "pen, sweet" kabla ya salamu, na meno yao hayana daktari karibu. Ukitaka kuchangia shule mwone mwalimu. Kwa mama wa nyumba utakayolala beba majani ya chai ya kwetu au karafuu kidogo, wanapika kwa viungo watajua cha kufanya, na kitenge kimoja viwili havina uzito. Ila kilicho bora kuliko vyote ni picha za karatasi, sio za kwenye simu: mama yako, nyumba yenu, ziwa, dagaa wakianikwa, samaki sokoni, hizo zitazunguka mkono kwa mkono jikoni usiku mzima. Na picha utakazowapiga wao kwa ruhusa, ukirudi Kathmandu zisafishe pale Thamel, mtaa wa watalii, kabla ya kuruka, weka kila nyumba na bahasha yake uandike jina la kijiji, mpe mwongozaji wako, yeye msimu haujaisha atapanda tena huko na mgeni mwingine.